Klova Yenye Umande

Walimwita Mama Majani, na jina hilo halikuanza kwa heshima. Wenzake walipokuwa wakipanda chakula, yeye alilima malisho makavu aliyoachiwa na marehemu mumewe, akamwaga mbegu za nyasi zilizochanganywa na klova, majani ya malisho ya jamii ya kunde.

"Jamani, njooni mwone mtu anapanda majani!"

Akakaza roho. Bwana mifugo alikuwa amemweleza kwamba nyasi hushibisha, na klova huongeza maziwa na kurutubisha udongo. Kuandika hakujua, basi alishika kila neno kichwani.

Misimu miwili baadaye kicheko kiliisha. Majani yalimfika magotini, maua meupe yametapakaa katikati, na ndoo ya maziwa ikawa haitoshi. Hapo ndipo wifi yake, dada wa marehemu, alipokumbuka kwamba shamba lilikuwa la baba yake.

"Wewe umelikwangua tu, wifi. Ardhi ni yetu."

Ndugu wa mume wakakaa, wakakubaliana. Wifi akapewa shamba, pamoja na mtamba mweupe ambaye Mama Majani alimlea kwa chupa tangu mama yake alipokufa. Yeye akaachiwa nyumba, ng'ombe mzee mmoja, na bomba la maji kando ya uzio wa shamba.

Alikuwa hapo bombani asubuhi, anasugua debe la maziwa, wifi alipofungua lango na kumwingiza yule mtamba. Tumbo la mnyama lilikuwa limebonyea; hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Umande ulikuwa bado unang'aa kwenye klova.

Mama Majani alijua. Klova mbichi yenye maji, ikiingia kwenye tumbo tupu, huchacha na kujaza gesi. Ng'ombe huvimba mpaka anakosa pumzi. Yeye siku zote alianza kuwapa ng'ombe nyasi kavu, kisha akasubiri jua. Maneno mawili tu yangetosha: wifi, ngoja. Yalimfika kooni, akayameza. Mwache aone mwenyewe, akajisemea, akaendelea kusugua debe lililokwisha kutakata.

Mtamba alikula kwa pupa. Kisha akaacha. Akapiga tumbo lake kwa mguu, ulimi nje, ubavu wa kushoto umeumuka kupita uti wa mgongo.

"Wifi! Wifi wee, anakufa!"

Mnyama akageuza kichwa kuelekea bombani, kama alivyozoea alipokuwa akiitiwa chupa. Hilo ndilo lililomkata maini Mama Majani. Alitupa debe, akakimbilia jikoni, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia.

"Mshike pembe! Mpandishe hapo penye mwinuko, miguu ya mbele iwe juu. Shika, usilie!"

Alimnywesha mafuta polepole, akamfunga kijiti mdomoni ili atafune na kutoa mate, kisha akausugua ule ubavu mgumu kama ngoma, jasho likimtiririka. "Cheua, mwanangu. Cheua, nisamehe." Wifi alidhani msamaha huo anamwomba Mungu.

Hatimaye mtamba akacheua, gesi ikatoka yenye harufu kali, tumbo likaanza kushuka.

Wifi alimwangukia begani, analia na kucheka. "Mimi nimekutendea ubaya, nawe umeniokolea ng'ombe! Shamba lichukue, wifi. Mwenye moyo kama wako ndiye anayelistahili. Nitawaambia wote."

Muda wote huo Mama Majani alikuwa akingoja maneno hayo. Sasa yalimchoma kuliko matusi.

"Usiwaambie kitu," alisema. "Nilikuona ukifungua lango. Nilijua atavimba. Nikanyamaza."

Wifi alijitoa begani. Alimtazama yeye, akamtazama mtamba, kisha akashika kamba, akamwongoza taratibu kwenda nyumbani kwake. Alipofika langoni alisimama bila kugeuka.

"Kesho nimlete saa ngapi?"

Mama Majani aliinama, akaokota debe lake.

"Jua likishakausha majani," alijibu. "Nitakuja nikuite."