Kapi la Mjomba Sebuleni

Siziheshimu taa za pwani hata chembe. Nasema zile zinazouzwa kwenye mahoteli ya njia ya Pangani: ubao wa ngalawa iliyooza umechomekwa balbu, nanga yenye kutu imevishwa kofia ya ukili wa mikeka, na kando yake kijikaratasi kinachoeleza kwamba kitu hicho kina historia. Aliyeumia mgongo kwa kuivuta nanga ile hakuandikiwa kijikaratasi. Mnunuzi anaipeleka kwake, anaiweka pembeni mwa kochi, na tangu hapo anazungumza habari za bahari kama mtu aliyewahi kuitapikia.

Nayajua haya kwa sababu nami niliitaka moja.

Kununua hotelini niliona ni ushamba. Mimi mtoto wa pwani, nina shahada mbili. Taa yangu ingekuwa ya kweli. Basi nikaenda Kigombe kwa mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, aliyekuwa fundi wa majahazi mpaka macho yalipomwacha. Bandani kwake lilining'inia kapi: kigogo cha mvule, ukubwa wa nazi mbili, chenye gurudumu ndani la kupitishia kamba ya kupandishia tanga. Alilichonga mwenyewe. Nilikuwa nimelitolea macho tangu siku tulipomzika mama, na aibu hiyo nayo naiandika.

"La nini?" akaniuliza nilipoliomba.

Mtu mzima, mwandishi wa makala za kuwakemea watu wengine, nilishindwa kumtamkia mzee yule neno pambo. Nikasema nimeingia ubia katika chombo, mimi na wenzangu wa mjini.

Sijapata kumwona akifurahi vile. "Alhamdulillahi! Kumbe kusoma hakukukuharibu kabisa."

Akanikataza kulichukua siku ile. Kwa siku tatu alilipaka mafuta ya ini la papa, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama zinavyopakwa mbao za chombo kinachotaka kushuka majini, akalizungusha gurudumu kwa kidole mpaka likawa halitoi mlio. Kisha akaenda barazani baada ya swala ya Alasiri, akawaambia wazee wenzake kwamba mtoto wa dada yake ana chombo. Tangu hapo heshima yake pale barazani ikawa inasimama juu ya uongo wangu.

Fundi umeme wa Chumbageni alilitoboa kapi kutoka juu mpaka chini ili apitishe waya. Mimi nimemsimamia, namwambia asipige msasa sana asije akauondoa ukale wake. Tukalivisha kofia ya ukili, tukatia balbu ya kizamani, ile ya uzi, inayotoa mwanga wa rangi ya asali na joto la jiko.

Hata nusu saa haijapita, papa akafufuka.

Mke wangu ni Mshambaa wa milimani, haoni sababu ya kumstahi samaki. Alisimama mlangoni. "Mume wangu, humu kuna kitu kimekufa."

"Ni harufu ya bahari."

"Bahari iko kule. Hapa ni sebuleni."

Wiki iliyofuata mjomba akaja bila kuarifu, begani kamba mpya ya katani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, nipeleke nikakione hicho chombo."

Lakini taa ilikuwa inawaka, na pua yake haikuwa na tatizo lolote. Aliifuata harufu mpaka pembeni mwa kochi, akapapasa kofia ya ukili, akashuka mpaka kwenye mti. Kidole gumba kikakuta tundu.

"Umelitoboa."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi halibebi tena. Ukilitia uzito litapasuka."

Nikaanza kumweleza habari za kuhifadhi urithi, maneno ambayo wakiyasema wengine huwa nayacheka. Akaniacha nimalize, kama anavyoachwa mtoto amalize kulia.

"Na chombo?"

"Hakuna chombo, mjomba."

Akakaa. Akanywa kahawa ya mke wangu, akamwombea heri, akaikunja kamba yake upya juu ya mapaja ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Wataniuliza kule barazani," akasema. "Niwaambieje?"

Nikamwambia aseme kimezama.

"Hata uongo wako nikusemee mimi? Nitawaambia umesoma. Wataelewa."

Aliwaambia. Sikukuu ya Idi nilikwenda Kigombe, nikapita barazani nikiwaamkia wazee mmoja mmoja. Wote waliitikia marahaba, tena kwa ukunjufu. Kisha mmoja wao akanisogelea na kuniuliza, kwa sauti ile ya chini ya kumuulizia mgonjwa, taa inaendeleaje.