Siku Tuliyompumzisha Mzee Lali

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Shee, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu naona haya kwa kucheka. Nataka nikusimulie kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku uliyopewa ya kumjibu bosi wako, na jawabu nililokupa jana kwenye simu nililitoa kwa hasira. Tangu tulipokata simu linanisumbua. Nimekwenda nalo msikitini, nimerudi nalo, na sasa sijui tena kama lilikuwa jawabu au lilikuwa domo langu tu.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mwana wa mwanangu. Utanivumilia, na wengine wa rika lako watakaoyasikia haya watanivumilia pia.

Niyataje kwanza yale niliyoyaelewa, maana si mengi. Uko Ujapani, kwenye kiwanda cha kufungasha samaki, katika mji wa pwani ambao shule yake imefungwa kwa kukosa watoto. Hilo peke yake lilinichukua usiku mzima kulimeza. Shule ipo, walimu wapo, madawati yapo, watoto hawapo! Dereva wa basi mzee, muuza mboga mzee, na anayesimama barabarani na kibendera kuongoza magari naye ni mzee. Vijana wao wamekuwa wachache, na waliobaki wamehamia miji mikubwa, ndiyo maana wakawaita nyinyi kutoka mbali. Na ubavuni mwako kazini yuko huyo Mzee Mori, anayekaribia miaka themanini, anayekunja maboksi na kufunga mlango wa chumba cha barafu. Alikufundisha kazi ulipofika. Sasa mikono yake imekuwa mizito, na mara mbili ameusahau mlango wazi, samaki wakaharibika. Bosi amekwambia: wewe ndiye unayekaa naye kutwa, Jumatatu uniambie kama aendelee au arudi nyumbani. Ukisema hawezi, basi ndiyo imekwisha.

Uliponieleza nilipandwa na hasira. Si nilipiga kelele? Nilisema, nchi gani hiyo isiyo na haya, inayomkunjisha maboksi mchu, mtu wa miaka themanini! Nikakwambia, mwambie bosi amwache mzee akapumzike, hiyo ndiyo heshima, na asiyejua heshima afunzwe na mchu wa kisiwani kwetu Kudhaa. Ukasema, "Haya babu, nimekusikia." Ulikuwa mnyonge sana uliposema hivyo, na mimi nilijiona nimesema neno kubwa.

Kisha nikatoka kibarazani. Mbele yangu vijana saba, wote wana nguvu, wawili wamesoma mpaka chuo, wamekaa tangu asubuhi wanaangaliana. Hapa Kismayo watu wamejaa na kazi hakuna. Huko kazi imejaa na watu hakuna. Sasa nani amepanga mambo hivi? Nilitaka kuwauliza wale vijana lakini wangenicheka. Na nyuma yangu mama yako akaja mbio kuninyang'anya ndoo, maana nilitaka kumwagia maji mbuzi wangu mmoja. "Keti babangu, keti, sisi tuko." Nikaketi. Na hapo nilipoketi ndipo Mzee Lali aliponijia akilini, miaka zaidi ya hamsini baada ya kumzika.

Unajua kuwa mimi nilikuwa mkalafati. Kwa wasiojua, mkalafati ni mtu anayeziba mapengo kati ya mbao za mashua kwa pamba, anaigonga kwa nyundo ya mbao na patasi butu mpaka ikaze, kisha anapaka mafuta ya papa. Kazi haina sifa. Ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, ikifanywa vibaya wote mnaogelea. Sisi pale Kudhaa tulikuwa kikundi cha watu sita, na mimi nilifanywa kiongozi wao nikiwa na miaka ishirini na mbili tu, kwa sababu baba yangu alikuwa safarini na hakuna mwingine aliyetaka lawama.

Mzee Lali ndiye aliyetufundisha sote, na baba yangu pia. Alikuwa anasikiliza nyundo. Ungekuwa unagonga upande mmoja wa mashua, yeye yuko upande wa pili na kikombe chake cha kahawa, akasema, "Hapo hapajashiba, rudia." Na kweli hapajashiba. Lakini miaka ilikuwa imemwendea. Mikono ilitetemeka, patasi ikawa inatoka nje ya mstari, na kazi ya asubuhi moja kwake ikawa ya siku mbili. Wenzangu wakaanza kunung'unika. Tulikuwa na mashua ya mfanyabiashara mmoja wa Kismayo, mtu wa haraka, na kila mara aliyetuchelewesha alikuwa ni Mzee Lali.

Mimi sikutaka kumvunjia mzee heshima. Hilo naliapia. Nilifikiri siku nyingi, na nikaona nimepata njia nzuri kuliko zote. Ijumaa moja baada ya sala niliwakusanya watu pale pale kwenye chombo. Nilikuwa nimemnunulia kikoi kipya na mkeka mzuri wa rangi. Imamu akaomba dua, tukasoma fatiha, tukala halua. Mimi nikasimama nikasema, "Babu Lali, kazi yako umeimaliza, sasa ni zamu yetu kukufanyia. Keti upumzike. Fungu lako la samaki litakuja mlangoni kila siku, hutakosa kitu." Watu wakaitikia amina. Wengine walitoa machozi. Mzee akanitazama, akashukuru, akanipa nyundo yake kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mama yangu alinisifu wiki nzima.

Na ahadi nilitimiza. Samaki wa Mzee Lali hakuwahi kukosekana hata siku moja.

Wiki za mwanzo alikuwa bado anakuja. Anasimama pembeni na kikoi chake kipya, anasikiliza. Akifungua mdomo tu, mmoja wetu anamwahi, "Babu, si ulipewa mapumziko? Rudi kivulini." Tukimsema kwa mapenzi, na kucheka naye. Baadaye akaacha kuja. Mimi nilifurahi. Nilisema, sasa ameanza kuonja raha.

Basi asubuhi moja akaja jirani yake anatweta. "Njooni, njooni, mlango wa Mzee Lali haufunguki, na mkewe Bi Esha analia ndani!" Tukakimbia. Tukausukuma mlango, hautoki. Tukaenda dirishani, nalo limeng'ang'ana. Nilipoinama kutazama karibu ndipo nilipoona. Mzee alikuwa ameukalafati mlango. Mapengo yote, juu, chini na pembeni, yamejazwa pamba na kupakwa mafuta ya papa. Na madirisha vivyo hivyo. Kazi safi, mwanangu, haina dosari. Ile mikono iliyokuwa ikitetemeka sijui siku hiyo ilitetemekea wapi.

Nikacheka. Ndiyo, mimi kiongozi, nilicheka mpaka nikashika ukuta, na wenzangu wakacheka. Ndani Bi Esha alikuwa anapiga kelele kwamba hewa inamwishia.

Tuliung'oa mlango kwa mtaimbo. Mzee Lali alikuwa amesimama katikati ya chumba na patasi mkononi, amekasirika jinsi sijapata kumwona. "Mnafanya nini nyinyi? Mtatia maji! Wallahi mtatia maji!" Akaja akazishika zile mbao tulizopasua, akawa anaipapasa ile pamba iliyochomoka, na hakututazama tena.

Bi Esha alitoka nje akakaa chini. Alipopata pumzi aliniita kwa jina. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sauti yake ndogo pia, na hakuipandisha.

"Bakari, mlimsomea fatiha mchu aliye hai. Ilibaki kumkafini."

Nikasema, "Bibi, tulimheshimu."

"Mlimheshimu. Aliulizwa na nani?"

Nilianza kuhesabu kichwani: imamu nilimwuliza, wenzangu niliwauliza, mama yangu nilimwuliza, hata mfanyabiashara wa Kismayo nilimwuliza. Mzee Lali mwenyewe sikumwuliza. Wala haikunipitikia akilini kwamba huyo naye ni mtu wa kuulizwa.

Nilikwenda nikaichukua nyundo yake, nikamrudishia siku ile ile. Aliipokea, akaigeuza, akaniuliza kwa upole, "Hii ya nani, mwanangu?" Nikasema, yako, babu. Akasema, "Mpelekee mwenyewe, ataitafuta." Hakuwahi kuishika tena. Alifariki kabla mashua ile haijashushwa majini.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na sitakuficha. Ningependa kukwambia kwamba mashua iliyokalafatiwa bila yeye ilizama, ili hadithi ikae sawa. Haikuzama. Haikuingiza hata tone. Hatukumhitaji, huo ndio ukweli, na wenzangu waliokuwa wakinung'unika hawakuwa waongo. Na akili yake, je, ni mimi niliyeiharibu kwa kumkalisha, au uzee ulikuwa umekwisha kumfikia na angeukalafati mlango hata kama ningemwacha kazini? Na ule mlango, alichanganyikiwa kweli, au alikuwa anatuambia kitu kwa lugha pekee tuliyomwachia? Nimejiuliza tangu ujana wangu. Nikiwa na nguvu nilikuwa na jawabu, na kila nilivyozeeka jawabu lilizidi kunipotea. Leo sina hata nusu.

Ndiyo maana naliondoa neno langu la jana. Nilikwambia mzee akapumzike, kana kwamba namjua. Simjui. Umenieleza kwamba mkewe amefariki, mwanawe anaishi mji mwingine, na kwamba nyumbani kwake kinachozungumza ni televisheni. Sasa nikimtoa kiwandani kwa heshima nampeleka wapi? Lakini upande wa pili, huenda miguu inamuuma kila asubuhi na anaona aibu kusema. Huenda anaendelea kwa sababu mfukoni hamna kitu. Huenda anaogopa kuwaachia mzigo nyinyi vijana wageni. Mimi niko Kismayo nawezaje kuyajua hayo? Na bosi wako, na wewe, mnayajuaje? Nchi yao inatafuta mikono popote ilipo, na siwezi kusema kama kumwachia mzee kazi ni ukatili au ni wema. Nimejaribu kuamua na nimeshindwa. Nikilala upande huu naona huku, nikigeuka naona kule.

Lakini kuna moja nalijua, nililinunua ghali, nakupa bure.

Usimjibu bosi kabla hujakaa na Mzee Mori. Kaa naye wakati wa chakula, nyinyi wawili tu. Usimzunguke kwa maneno matamu kama nilivyofanya mimi na halua yangu. Mwambie ukweli wa ule mlango wa barafu, kwamba umebaki wazi mara mbili na samaki wakaharibika, kwa kuwa huenda hata hajaambiwa, watu wanamwonea haya. Kisha muulize anataka nini. Unyamaze sasa. Wazee hatujibu upesi. Tunaangalia kwanza kama umeuliza kweli au unatimiza adabu. Akisema amechoka, mwamini, umsindikize. Akisema anataka kubaki, muulize ni kazi gani mikono yake inaiweza bado, maana yeye anaijua mikono yake kuliko wewe na bosi, na umpelekee bosi jawabu hilo. Mlango mtaufunga nyinyi. Na kama hapana budi aondoke, asikie kutoka kinywani mwako, ukimtazama machoni, si kwenye karamu. Utaona uchungu. Vumilia, huo ni uchungu wako wewe kubeba, ndiyo kazi uliyopewa kwa kuwa kijana mahali palipojaa wazee.

Na nyinyi vijana mlio hapa kibarazani mnaonisikiliza, mnaoona wazee wenu ni mzigo wa kukalishwa vizuri, mambo ni hayo hayo. Msikimbilie mkeka.

Nami nimemwambia mama yako asubuhi hii kwamba nataka ndoo yangu. Alisema, "Utaanguka, babangu." Nikamwambia huenda. Akaiweka ndoo chini, akauliza, mara ya kwanza tangu nihamie kwake, "Kwani wewe wataka kufanya nini?" Mwanangu, ilinibidi niende nje nikafikirie, na bado nafikiria.

Nenda ukamwulize, Shee. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe riziki ya halali na moyo usio na haraka. Akupe umri mrefu mpaka nywele ziishe, na ukifika huko, akujaalie mtu wa kukuuliza.