Halidi, Vailet na chupa yenye mistari myekundu

"Mimi sina wivu," anasema Halidi Mwinjuma huku akigeuza mihogo kwenye karai. "Wivu ni ugonjwa. Mimi ugonjwa ninao mmoja, unanitosha."

Ni saa kumi na mbili asubuhi, Masaki, wilayani Kisarawe. Manyunyu yamekatika sasa hivi, na kijana huyu wa miaka 19 amevaa sweta mbili, kofia ya sufu na soksi zilizovutwa hadi magotini, kama mtu anayesubiri theluji. Mafuta yanachemka. Madereva wa bodaboda wamelizunguka jiko, wanataka mihogo na kachumbari kabla ya abiria wa kwanza.

"Huyo usimwamini," anasema mmoja wao, Hashiru, mdomo umejaa. "Mtajie jina moja tu ninalolijua mimi, uone muhogo utakavyoungua."

Halidi anainua chupa yake ya maji, anakunywa hadi kwenye mstari mwekundu, anaifunga.

Kijana huyu ana selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Baridi ikimpiga, au maji yakimpungukia mwilini, damu inaziba kwenye mishipa na maumivu yanaanza. "Ni kama fundi amekuingia ndani ya mfupa," anaeleza, "anagonga nyundo akitafuta mlango wa kutokea."

Ndiyo maana alichagua kazi ya moto. Alipomaliza kidato cha nne alijaribu kubeba mkaa na wenzake. Haukupita muda, akarudishwa nyumbani amebebwa yeye. Shangazi yake Biubwa, aliyemlea, akampa karai na kona ya kibanda chake. Siku nzuri anabakiwa na kama shilingi elfu nane. Siku za maumivu, karai linalala kifudifudi.

Kila mwezi Halidi huenda kliniki Kibaha. Huko, mwaka jana, alikaa benchi moja na Vailet Lucian, msusi wa miaka 18 kutoka Gwata, naye mgonjwa wa selimundu.

"Akaiangalia chupa yangu imejaa mpaka shingoni," anakumbuka. "Akaniambia, kaka, haya maji umeyaleta kuyatembeza?"

Vailet akatoa rangi ya kucha kwenye pochi, akamchorea mistari. Huu saa tatu, huu saa tano, huu saa saba. Saa ikifika, maji yawe yameshuka hadi pale.

Kwa Vailet hayo yalikuwa matibabu. Kwa Halidi ilikuwa posa. Alirudi Masaki na chupa kifuani, akaionyesha kijiwe kizima, akapiga marufuku mtu kuishika.

Wakaanza kutumiana ujumbe kila mstari ukifika. "Nimekunywa." "Na mimi." Muuguzi aliwaita akawaambia wazi kwamba wao wawili wakizaa, watoto wote watakuwa na selimundu. Wanalijua. "Tutalizungumza," anasema Halidi. "Kwanza tufike miaka ishirini."

Mwezi wa nne mambo yakaharibika. Halidi alifika kliniki akamkuta Vailet anacheka na kijana mgeni, Silvanus, mrefu, shati limepigwa pasi. Juu ya goti la Silvanus kulikuwa na chupa. Ina mistari myekundu.

"Tena yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu," anasema Halidi.

Harufu ya muhogo unaoungua inapanda. Hashiru anakohoa kwa makusudi.

Siku ile Halidi aliyamwaga maji yake yote kwenye maua, akakaa benchi la mbali na chupa tupu mapajani ili Vailet aione. Vailet akamfuata kumuuliza vipi. Akajibiwa, "Muulize mwenye mistari iliyonyooka." Sweta pia akaivua, kwa sababu Silvanus alikuwa na shati tu. Hakunywa tone mpaka jioni, akapanda bodaboda kurudi Kisarawe huku mvua inamnyeshea na hasira zake.

Alfajiri fundi wa nyundo alikuwa ameshaingia kazini.

"Alilia mpaka sauti ikaisha," anasema Biubwa. "Nikamshika miguu ya baridi, nikasema leo huyu ananitoka."

Alilazwa wiki nzima, akaongezwa damu. Vailet alikuja kutoka Gwata na uji kwenye chupa ya chai. Pole hakumpa.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Stellamaris," Vailet anasimulia kwa simu. "Naye alikuwa na selimundu, na maji alikuwa hayataki. Nikamchorea mistari, nikamwambia ni mchezo. Alipofariki, rangi ikabaki kwangu. Sasa namchorea yeyote ninayemwona na chupa imejaa mchana. Nimemchorea hata mlinzi wa getini, ambaye haumwi chochote. Nikamwambia Halidi, ukifa kwa kiu mimi nitawaambia nini watu? Kwamba umeuawa na rangi ya kucha?"

Halidi alisikiliza yote, machozi yanamtoka. Kisha akauliza, "Mstari wa kwanza wa Silvanus ni saa ngapi?"

"Hapo nikajua amepona," anasema Vailet.

Sasa Halidi ana mpango. Siku za kliniki anataka kulihamishia karai Kibaha, wagonjwa wanaotoka mbali na njaa wapate mihogo ya moto. Mtaji ukikua, Vailet afungue saluni jirani yake.

"Ni biashara tu," anasisitiza. "Silvanus nitamuuzia kama mteja yeyote. Hata simfuatilii."

Biubwa, anayemenya mihogo nyuma yake, anaweka kisu chini.

"Humfuatilii? Na jana nani alinipa simu nimpigie Vailet, nijifanye nimekosea namba, nisikilize kama kuna sauti ya mwanamume?"

Kijiwe kinalipuka kwa kicheko. Halidi anayatazama mafuta.

"Shangazi, mbele ya gazeti?"

"Enhe, bi mkubwa, na sauti ilikuwepo?" anadakia Hashiru.

"Ilikuwepo. Ya baba yake. Akachukua simu, akaniuliza mimi nani, nikababaika, nikasema ni shangazi yake Halidi, nataka kujua lini tuje kujitambulisha."

Halidi anageuka taratibu, mafuta yanadondoka kutoka kwenye kijiko chake. "Akasemaje?"

"Jumapili, baada ya misa."

"Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia sauti ya mwanamume ipo, ukanuna ukaondoka," anasema Biubwa, akikiokota kisu chake. "Hukungoja nikwambie ilisema nini."