Matawi ya Urbanus

Mume wangu Urbanus aliendesha lori miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba kabla hatujahamia Brampton, Kanada, na hata huku bado analala akikanyaga breki. Siongezi chumvi. Anayekanyagwa miundi ni mimi.

Kila Oktoba watu wa kanisa letu hukodi loji ya mbao kwenye milima ya Haliburton, mwendo mrefu kutoka Toronto, tukatembee msituni majani yakigeuka rangi. Wengine wanakuja kupunguza tumbo. Urbanus anatembea kama yuko kazini: anachungulia kona, anapima mteremko, anasikiliza. Na kusimulia, wee! Kila kilima kinamkumbusha Salgaa, mteremko uliomaliza madereva wenzake. "Lori likizima, kata matawi, yapange barabarani mbali nyuma yako. Anayekuja ayaone kabla hajakuona wewe. Na ukishatengeneza, yatoe! Kuyaacha ni kudanganya watu."

Ndinda, binti yetu wa miaka kumi na sita, amesikia hadithi hiyo mpaka imemtoka puani. Unamwongelesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza, macho kwenye simu. Mwaka juzi gari letu lilizima tukitoka mji wa Barrie, na baba mtu akashuka, akakata matawi ya msonobari, akayatandaza kando ya barabara kuu. Ndinda alivuta kofia ikamfunika uso mzima. Tangu siku hiyo hataki kupanda gari moja na babake. Urbanus aliumia, jamani, ila si mtu wa maneno. Aliniambia mara moja tu: "Mama Ndinda, huyu mtoto hana kitu changu hata kimoja."

Mwaka huu nilimlazimisha msichana aje. Kumbe nimewapeleka wakagombane huko juu! Babake alimwambia vile viatu vyake vya mjini vitamwangusha, naye akaongeza mwendo kwa hasira, akatuacha. Tulipofika kileleni, Ndinda hayupo. Wenzetu hawajamwona. Simu hazina mtandao. Jua lilikuwa linashuka, na baridi ya huko haina utani na mtu. Wenzetu wakakimbilia loji kuita msaada, sisi wawili tukarudi tulikopita, tukiita mpaka sauti zikakauka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Penye njia panda Urbanus akanishika mkono. Tawi bichi la msonobari lilikuwa limelala katikati ya njia. Tulipopita mara ya kwanza halikuwepo.

"Ni upepo huo," nikasema. "Twende, Baba Ndinda!"

"Upepo haupangi, mama."

Kwenye kijia cha kushoto, mbele kidogo, tawi jingine. Kisha jingine. Mzee wangu mwenye goti bovu akatoka mbio, nami nyuma yake nikimwita Mungu kwa majina yote. Baada ya kona, chini ya mteremko wa mawe, mtoto wangu alikuwa ameketi kwenye tope. Kifundo kimevimba, magoti yamechubuka kwa kutambaa hadi njia panda na kurudi penye kinga ya upepo, viganja vimejaa utomvu.

Hakunitazama mimi. Alimtazama babake.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili, "gari imeharibika."

Urbanus alicheka huku machozi yanamtiririka. Akamvua kile kiatu, akamfunga kifundo kwa skafu yangu, akambeba mgongoni kama alivyokuwa akimbeba zamani, bila kumkumbusha kwamba alimwonya kuhusu viatu.

Tulipofika kwenye tawi lililokuwa karibu na pale alipoangukia, Ndinda akampiga bega.

"Baba, yatoe. Utadanganya watu."

Urbanus akasimama. Akamshusha taratibu, akaniegemezea. Kisha akaanza kuyaokota, moja baada ya jingine, mpaka lile la njia panda, akiyaweka kando chini ya miti. Matawi yenyewe yalikuwa machache, lakini alikawia sana, ametugeuzia mgongo. Ndinda alitaka kumwita. Nikambana mkono, nikamwambia amwache babake amalize.