Jicho Langu Ukutani

Pilipili iliniingia jicho la kulia. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti yangu pale soko la Gakoromone nikivunja vikonyo vya pilipili kali, maana mwenye hoteli aliyekuwa akininunulia hakuzitaka na vikonyo, na moja ikapasuka ikanirukia. Kitu cha kawaida. Anayeuza pilipili huchomwa macho kama vile anayekamua ng'ombe hupigwa teke. Nikafumba lile jicho, nikalifunika na pindo la leso, nikainua uso nimtafute jirani yangu wa vitunguu anipe maji.

Soko halikuwepo.

Sauti zote zilikuwepo. Mtu wa ndizi alikuwa akibishana na mteja, na wa mkokoteni alikuwa akiomba njia kwa matusi yake ya kila siku. Lakini mbele yangu hapakuwa na kitu. Si giza la usiku, kwa sababu usiku mtu bado anaona weusi. Hii ilikuwa kama uji mtu amekumwagia ndani ya kichwa. Nikaleta mkono mbele ya uso mpaka ukagusa pua, na sikuuona.

"Nani amezima?" nikauliza.

Jirani akacheka. "Azime nini, mama? Jua?"

Nikalifungua lile jicho la kulia na pilipili yake ndani. Kupitia kwa machozi nikaona nyanya, nikaona uso wake, nikaona ameacha kucheka. Nikalifumba, soko likaenda. Nikalifungua, likarudi. Nikafanya hivyo mpaka akanishika mkono akaniambia basi, niache.

Hivyo ndivyo nilijua kwamba jicho langu la kushoto limekufa. Lilikufa lini, sijui. Mtu akifiwa huambiwa siku. Mimi sikuambiwa, na kuna mtu angeniambia. Alilitazama hilo jicho kutoka ndani, akiwa amevaa koti jeupe, akasema ni safi. Jina lake siliandiki hapa, lakini akisoma atajijua, na watu wa kanisa letu watamjua kabla yake.

Ni yule mwenye kemisti, duka la dawa, pale Makutano, mzee wa kanisa, anayesoma matangazo kila Jumapili.

Macho yangu yalikuwa ya kuwasha tangu nianze kuuza sokoni. Vumbi, moshi wa jikoni, hizo pilipili zenyewe. Yeye ndiye alinipa kile kichupa kidogo cha matone. Hakuomba karatasi ya daktari. Alikitoa chini ya kaunta akaniambia hii ndiyo dawa yangu, nisipoteze siku nzima hospitali kupanga laini na wagonjwa. Na kweli, nikiweka tone, kuwasha kunaisha kama umezima jiko. Kikiisha narudi. Ilikuwa hivyo miaka na miaka, na kila nikirudi ananiuliza habari ya watoto, ananipa kingine. Mimi niliona ni mtu mwema. Niliwatuma wenzangu kwake.

Halafu akanunua mashine. Aliitangaza kanisani mwenyewe, baada ya matangazo ya harusi. Akasema ni kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, mahali macho ya mwingine hayafiki, na kwamba huko Nairobi zinatumiwa kushika ugonjwa wakati mwenyewe hajasikia chochote, hata maumivu. Hapo hakudanganya, na hapo ndipo huniuma zaidi. Alijua kazi ya ile mashine ni nini. Alitueleza vizuri sana.

Nilienda na wanawake wa kikundi chetu. Aliiweka chumba cha nyuma, pazia jeusi, kiti cha kuzunguka. Unaweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki, paji la uso unalibana kwenye ukanda, unatazama kitaa cha kijani. Anakuambia usipepese. Halafu mwanga unakupiga kama radi bila ngurumo, na ukitoka hapo unaona kila mtu ana doa la zambarau usoni.

Akanionyesha kwenye skrini. Mimi niliacha shule darasa la tano, na sikuwahi kufikiri ndani ya jicho langu kuna kitu kizuri hivyo. Ni duara la rangi ya papai lililoiva. Mishipa ya damu imetambaa kama mizizi, na mizizi yote inatoka mahali pamoja, pakiwa na kiduara cha manjano kinachong'aa, katikati peupe. Yeye alitazama ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Safi kabisa, mama," akasema. "Ona hiyo rangi. Wewe utaona mpaka wajukuu wazae."

Akanichapishia picha ya kila jicho kwenye karatasi ya kung'aa. Akaniuzia miwani ya kusomea Biblia, na kichupa kingine.

Mtu asiye wa kwetu atacheka, lakini tulizipeleka kwa fundi wa fremu. Nani hajui kuta zetu? Picha ya arusi, picha ya mtoto na kofia ya kuhitimu, kalenda ya kanisa. Basi na macho yakapanda. Yangu yalikaa kati ya arusi na kuhitimu kwa binti yangu. Mgeni akiingia anauliza hilo ni jua ama ni nini, nami ninajibu kwa maringo, hilo ni jicho langu la kushoto, limepimwa. Siku kikundi kilikutana kwangu, mmoja alisema lake ni jekundu kuliko langu, mwingine akamjibu hilo ni la kunywa chang'aa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Huku nyuma jicho lilikuwa likifa, na wa kwanza kuniletea habari walinikasirikia. Kanisani kwetu, ibada ikiisha, tunatoka kwa mstari tukisalimiana kwa mikono. Wifi yangu alisimama upande wangu wa kushoto, akanyoosha mkono, nami nikapita nikashika wa mtu aliyemfuata. Mara ya kwanza alinyamaza. Iliporudia, alipeleka habari kwa ndugu zake kwamba siku hizi ninajiona, tangu binti yangu aandikwe kazi Embu. Kisha mtu wa maziwa akasema hivyohivyo: alinisalimia kwa mkono pale njiani nikampita kama mti. Kijiji kizima kikaamua nimekuwa mtu wa madharau. Mume wangu aliniuliza nimekosana na nani. Na mimi nikakasirika nao, kwa sababu kwa kweli hao watu sikuwaona, na mtu hawezi kujua asichokiona.

Nilianza pia kugonga mlango kwa bega na kuangusha vikombe. Nikamweleza wa kemisti. Akasema ni umri, mama, hata yeye anasahau funguo. Nikamwuliza kama angenipiga picha nyingine. Akasema ya nini, ile ya kwanza ilikuwa safi, jicho si kucha likue. Akanipa kichupa.

Baada ya siku ya pilipili, binti yangu hakutaka kusikia habari ya kemisti tena. Akanichukua mpaka Embu anakofanya kazi, tukaenda hospitali yenye daktari wa macho. Alikuwa mama kijana, mpole, wa kuuliza polepole. Siku ya kwanza alinipima presha ya macho, akasema kesho nije na dawa zote nilizowahi kutumia na picha yoyote iliyowahi kupigwa. Binti akampigia mdogo wake, mdogo wake akaleta fremu imefungwa kwa shuka, asubuhi mapema, bado na vumbi kwenye kona.

Walinipiga picha upya. Kulikuwa na mashine nyingine pia, hiyo haikugusi, lakini inaonyesha jicho maganda kwa maganda kama kitunguu kilichokatwa, na inapima unene wa kila ganda. Kulikuwa na nyingine ya kubonyeza kitufe kila ukiona taa. Nilikaa hapo nimeshika kitufe, nikingojea taa, nikafikiri imeharibika. Haikuwa imeharibika. Taa zilikuwa zinawaka.

Daktari akaweka picha mpya kwenye skrini na fremu yangu mezani chini yake. Akanielekeza kwa kalamu. Kile kiduara cha manjano nilichokipenda, akasema, ndipo mshipa mkuu wa kuona unapoingilia jichoni. Katikati yake kuna kishimo, kama kikombe. Kwa mtu mzima mwenye afya kishimo huwa kidogo na ukingo wake mnene. Presha ya macho ikipanda inaula ukingo, kikombe kinapanuka, na ukingo ukiisha kuona kumeisha. Akanionyesha jicho la kushoto la skrini, kikombe kimekula kila kitu. Halafu akashusha kalamu kwenye fremu.

Nikaona mwenyewe. Hata na darasa langu la tano niliona. Katikati palikuwa peupe pakubwa, na juu na chini ukingo ulikuwa mwembamba kama kucha.

Nikamwuliza, "Hii ilikuwa inaonekana siku ile?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inaonekana."

"Na ungeiona ungefanya nini?"

"Ningeanza dawa siku hiyohiyo. Pengine ungekuwa unaniona sasa na macho yote mawili."

Kisha akageuza kile kichupa, akasoma maandishi madogo, akasema dawa hiyo ina steroidi. Dawa ya aina hiyo hutumiwa kwa muda mfupi, daktari akipima presha, kwa sababu kwa watu wengine inapandisha presha ya macho bila kuuma hata kidogo. Hakuniapia kwamba ndiyo iliyoniulia jicho. Alisema labda ugonjwa ulikuwa unakuja wenyewe na dawa ikausukuma. Nilimheshimu kwa kusema hajui pale asipojua. Wa kemisti naye angejifunza hilo neno, sijui.

La kushoto halirudi. La kulia limeliwa pembeni, lakini katikati bado, na hicho kilichobaki kinashikwa na matone mengine ambayo nitaweka kila jioni mpaka nife. Ninarudi Embu kupigwa picha, daktari anaiweka kando ya ile ya zamani, anatafuta kama ukingo umepungua. Mpaka sasa umesimama.

Nilipotoka hapo nilifikiri jambo moja tu. Ile picha nilikuwa nikiipangusa kila Jumamosi. Nilipangusa ugonjwa wangu na kitambaa chenye maji ya sabuni, nikawaonyesha wageni.

Nilienda Makutano na fremu. Nilichagua saa ya watu wengi. Nikaiweka juu ya kaunta kati ya sabuni na dawa za kikohozi.

"Nisomee," nikamwambia.

"Pole sana mama, nimesikia. Ingia ndani tuongee."

"Ndani nilishaingia. Nisomee hapa."

Akaangalia watu. "Mama, unajua mimi si daktari wa macho."

"Siku ile ulikuwa nani?"

Kijana mmoja wa boda aliyekuja kununua dawa ya kichwa akasema taratibu, "Jibu mama, mzee." Wengine wakaguna.

"Mashine haikukosea," akasema wa kemisti.

"Najua. Mashine ilifanya kazi yake. Wewe ulifanya kazi gani?"

Aliichukua fremu akaigeuza uso chini, picha isionekane, halafu akamwuliza aliyekuwa nyuma yangu anataka nini. Nimepoteza jicho, na bado nikifikiri juu ya huyo mtu ninaona huo mkono ukiigeuza picha.

Wiki hiyo wazee wa kanisa wakaja nyumbani, na mkate, na sukari, na unga. Walisema mambo kama haya humalizwa ndani, na kwamba yeye pia ni binadamu, na ananiombea. Niliwapikia chai. Wakiwa wanakunywa nikauliza ni nani kati yao ana picha ya jicho ukutani kwake. Mmoja alikuwa nayo, ya mke wake. Nikamwambia aitoe leo aipeleke Embu, aisome mtu anayejua kusoma. Hakumaliza chai. Mke wake alienda, akakutwa ugonjwa umeanza, akapewa dawa, na macho yake yote mawili yako. Huyo mzee hajarudi kuniambia nisamehe.

Unga na sukari niliwarudishia mlangoni.

Sasa wengine wanasema nina chuki. Ninayo. Kila mwanamke anayesimama kwa kibanda changu kununua pilipili anaondoka na hadithi hii, awe anataka au hataki, na nimeona wakimpita huyo mtu wakienda kununua dawa ng'ambo ya barabara. Sijamaliza. Ningependa kuona lile duka limefungwa na yeye amesimama nje kama nilivyosimama mimi, akitafuta kitu kilichokuwa mbele yake jana.

Lakini nimesikia mashine haipo tena chumba cha nyuma. Nimesikia ameipeleka Laare, kwa shemeji yake mwenye duka, na kwamba wakulima wa miraa wanaweka videvu vyao pale kwa foleni na kuambiwa ni safi. Kwa hivyo sikungoja hasira ipoe ndipo nimwambie binti yangu ainakili vizuri habari hii niliyoiandika.

Wewe, mzee. Jumapili utasimama tena mbele yetu na matangazo yako. Kabla hujasoma ya harusi, tangaza hii. Siku ile uliangalia jicho langu kwenye skrini, ukainamisha kichwa. Uliona nini? Kama uliona ukanyamaza, sema uliona. Kama hukuona kitu kwa sababu hujui kinaonwaje, sema ulituambia sisi sote ni safi bila kujua, na uwaambie wa Laare pia, kwa majina yao, waje watolewe kwenye hicho kiti. Nitakuwa nimekaa benchi la mbele, upande ambao ninaona. Jibu.