Koroboi ya Nyumba ya Kwedizinga

Siku ile, kwenye ukumbi wa chuo pale Korogwe, tulikuwa wanne mbele ya meza moja: mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa anamaliza ufundi ujenzi, shangazi, aliyetulea Mazinde baada ya wazazi kufariki, mwalimu wa mdogo wangu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, na mimi, mkubwa, niliyeacha shule darasa la sita nikaenda kukata mkonge ili yeye asome.

Mwalimu alikuwa achague kazi moja, na aliyeifanya angepelekwa Tanga kujifunza kwa fundi mkubwa. Mdogo wangu aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula.

Kazi yake ilikuwa mfano wa nyumba ya marehemu mama kule Kwedizinga, mdogo wa kuenea kwenye sinia, umeachwa wazi upande mmoja ili uone ndani. Kuta na paa alijenga yeye. Vyombo vilimshinda, akaniletea.

"Kila mita iwe sentimita tano, dada," aliniambia, akanipa rula.

Rula niliitumia mara moja tu. Nilichonga kijiti cha sentimita nane, kikawa kimo cha mama, na vingine vyote nikavipima kwa hicho. Kinu kilimfika juu kidogo ya goti. Kichanja cha kuanikia vyombo kilimfika kiunoni, maana hakupenda kuinama. Nilichonga kwa mlingoti wa mkonge uliokauka, ule unaobeba maua, tuliotengenezea magari utotoni. Ni laini, wembe unapita bila ubishi. Sufuria nilizikunja kwa tyubu ya dawa ya meno. Mwisho nikatengeneza koroboi, taa ya mafuta aliyotuwashia mama usiku, kipande cha kopo chenye utambi wa uzi mmoja wa katani, ndogo kama punje ya mtama. Nikaitia kwenye kiberiti kitupu isipotee.

Asubuhi ya siku ile ukumbini, mdogo wangu akiwa anapanga vyombo, niliona ukutani, juu ya kitanda, doa jeusi la masizi. Alikuwa amelipaka kwa mkaa. Lilikuwa mahali pake penyewe, limepanda halafu likainama kulia, kule upepo wa dirishani ulikosukumia moshi.

"Nani kakwambia kuhusu hilo?"

"Nakumbuka tu, dada. Nilikuwa nalitazama mpaka nalala."

Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne. Shati lake la kuchomekea nililionea wivu, na viganja vyake visivyo na makovu ya miiba navyo pia, lakini hivyo nilimpa mimi mwenyewe. Doa lile sikumpa. Miaka yote niliamini kwamba kumbukumbu ya mama wa ndani ya nyumba ile nimebaki nayo mimi peke yangu.

"Haya, lete koroboi," akasema.

Kiberiti kilikuwa kwenye pindo la kitenge changu.

"Imedondoka njiani," nikasema.

"Wewe?" Shangazi akacheka. "Wewe ambaye hata sindano hujawahi kupoteza!"

Mwalimu akafika mezani kwetu, akapokea shikamoo zetu, akainama. Alikitazama kichanja kwa muda mrefu.

"Vyombo ni vya dada yangu," mdogo wangu akasema kabla hajaulizwa. "Mimi nimejenga kuta tu."

Mwalimu akanitazama, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Uso ukanichoma. Kisha akanyoosha kidole. "Na huu uchafu ukutani?"

"Masizi ya koroboi, mwalimu."

"Koroboi yenyewe iko wapi?"

"Imepotea njiani," mdogo wangu akajibu.

"Basi anayekuja kutazama atajuaje?" Akaandika kitu, akasogea meza ya pili.

Ningeweza kufungua pindo hata wakati ule. Mkono ulifika kwenye fundo ukabaki hapo.

Mwalimu alichagua kazi ya mwanafunzi mwingine, ghala la mahindi. Sijui kama ni kwa ajili ya doa, mwalimu hakusema. Getini mdogo wangu alinibebea mkoba wangu.

"Dada, nakudai koroboi yangu."

"Nitakuchongea nyingine."

Shangazi hakucheka safari hii. Alitazama pindo langu, kisha akatazama barabara.

Kiberiti kiko dirishani kwangu Mazinde, nyuma ya kopo la chumvi. Mdogo wangu bado anatafuta fundi wa kumpokea. Kila akipiga simu, baada ya salamu, ananiuliza koroboi yake imefikia wapi, nami namjibu kwamba sijaianza.