Siku Niliyouchora Mpaka Ubaoni

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu duniani kingeweza kumshangaza, na nasema hivyo bila kujisifu (ingawa mke wangu, Mama Robi, akinisikia nasema sijisifu hutoka nje akaenda kucheka karibu na zizi). Nimechimba dhahabu Nyamongo kwa sururu, shimo likaporomoka, nikatoka na sururu yangu begani. Nimekutana na simba njia ya Busawe nikiwa na gunia la mtama kichwani, na aliyepisha njia si mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini hata nywele nyeupe sijaota nilikuwa na nyumba ya bati, baiskeli, duka dogo pale kwetu Nyanungu, na ng'ombe wa kunitosha. Kwa hiyo ninapokiri kwamba kuna Jumamosi moja niliyovuliwa nguo na hesabu mbele ya darasa zima, tena zile hesabu zenye herufi ndani yake, mjue sisemi jambo dogo. Miaka ile nisingethubutu kulisimulia. Sasa mpaka umeshafunguliwa, watu wanavuka mchana na mizigo yao, basi na mimi nivuke na aibu yangu.

Ilikuwa enzi zile za vijiji vya ujamaa, kila mtu ni ndugu, na sabuni hakuna. Nikisema hakuna, namaanisha watu walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na ukikamatwa na bidhaa za ng'ambo wewe ni mlanguzi, duka linafungwa, ng'ombe wanachukuliwa, na mwenyewe unakwenda kulima bustani ya gereza. Sasa kijijini kwetu likajengwa duka la kijiji, likatafutiwa meneja, na mimi nikajua kabisa meneja ni mimi, kwa sababu ni nani mwingine? Lakini mwenyekiti wa kijiji akasimama mkutanoni akasema, "Anayetaka umeneja alete cheti cha hesabu kutoka chuoni. Hatutaki mtu wa kuhesabu kwa vidole."

Akasema vidole akiniangalia mimi.

Nikapanda baiskeli mpaka mjini, kwenye chuo kilichokuwa kinapokea watu wazima siku za Jumamosi. Dirishani alikaa karani, binti mpole, akaniuliza, "Ndugu, nikuandike hesabu za vitabu vya duka, au hesabu za juu?"

Hapo ndipo nilipojiharibia maisha. Ningesema "za duka" ningerudi nyumbani na cheti changu na habari ingeishia hapo. Lakini jamani, mtu kama mimi anaulizwa kama anataka cha chini au cha juu, atajibu nini?

"Za juu," nikasema.

"Aljebra umesoma?"

"Aljebra tulimaliza zamani, tena nilikuwa namba moja." (Aljebra nilidhani ni jina la mwalimu.)

Akaniandika. Akasema kozi inaitwa utangulizi wa kalkulasi, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekula kalkulasi tangu utoto, kumbe moyoni naona ni kama jina la dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Jumamosi ya kwanza nilijiandaa kama bwana harusi. Nikaoga kwa sabuni yenye harufu ya waridi, nikavaa shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, jeupe mpaka linaumiza macho. (Mtauliza sabuni niliitoa wapi. Subirini.) Darasani walikuwa vijana wanaosomea ualimu, wakanipa shikamoo zangu, mmoja akanusa hewa akamwambia kijana mwenzake, "Mura, mbona leo panakaa kama harusini?" Mimi nikaenda kuketi kiti cha mbele kabisa, katikati, nikaiweka miguu vizuri, wala sikugeuka nyuma kuona ni nani anaingia. Mtu mkubwa hageuki geuki.

Mwalimu alikuwa Msukuma mmoja mwembamba, mwalimu Kulwa, sauti ya chini, suruali imefifia magotini. Yeye alikuwa na jitihada yake: hesabu zile zilikuwa za Kiingereza tupu, naye alitaka azifundishe kwa Kiswahili ili watu wazima tusiachwe, kwa hiyo kila neno alikuwa analitafutia lake, na siku ile kwa bahati yangu mbaya alikuwa amepata neno. Akachora ubaoni mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akapitisha katikati mstari uliopinda kama mkia wa ndama, juu yake akaacha kitobo kidogo. Akatugeukia.

"Leo tunaanza na mpaka," akasema.

Nikakaa sawa. Nikasema, ala, kumbe ndizo hesabu zenyewe.

"Tunaukaribia mpaka kutoka kushoto. Tunakwenda, tunakwenda, tunazidi kuukaribia. Lakini je, tunaufikia?"

"Hatuufikii!" vijana wakaitika.

"Tunaukaribia kutoka kulia. Tunaufikia?"

"Hatuufikii!"

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia lakini kicheko kilinitoka puani. Vijana wazima, wana nguvu, wana miguu, wanaimba hatuufikii!

"Ndugu Magige, kuna tatizo?" mwalimu akauliza kwa upole.

"Samahani mwalimu, lakini hawa watoto ni waoga. Mpaka unafikika. Mimi nilikuwa pale Alhamisi."

Darasa likalipuka. Mwalimu akainua mkono. "Ndugu Magige, huu siyo mpaka ule..."

"Mwalimu, mpaka ni mmoja tu, mimi ndiye ninayeishi huko! Wewe unakosea kuwapeleka kutoka kushoto. Kushoto kuna mgambo."

Na hapo, wenzangu, kama mdomo ungenitosha ningesalimika, lakini nilisimama. Nikaenda ubaoni, nikamtoa mwalimu chaki mkononi (sijui hata nilimwomba au nilimpokonya), nikaanza kuuchora mpaka wenyewe juu ya ule mkia wake wa ndama. Nikaweka kizuizi cha mgambo hapa, migomba ya mzee fulani hapa, kijito hapa, nikaweka msalaba mahali unapoacha baiskeli. Pale kwenye kitobo chake nikachora jiwe la mpaka. "Dada yangu Gati ameolewa ng'ambo," nikawaeleza, "yeye anakuja na sabuni kutoka upande wa kulia, mimi nakuja na mahindi kutoka huku, nikipita nyuma ya migomba hakuna wa kuniona, tena narudi jua bado liko juu. Mnasema haufikiki!"

Vijana walikuwa hawacheki tena. Nikadhani ni heshima.

Kisha mtu akakohoa kule nyuma kabisa, na sauti ikasema taratibu, "Endelea, ndugu. Hiyo baiskeli ni ya rangi gani?"

Nikageuka. Dawati la mwisho, karibu na mlango, alikuwa ameketi Afisa Biashara wa wilaya, ambaye (hili niliambiwa baadaye, na ningeambiwa mapema ningebaki kwetu) alikuja siku ile kutazama maendeleo ya watu wazima. Mtu mnene, mtulivu, kalamu mkononi. Akavuta hewa puani, polepole, na lile waridi langu likamfikia hata kwenye dawati la mwisho.

Mimi ambaye simba alinipisha, niliutafuta mlango kwa macho, nao ulikuwa ubavuni mwake. Niliona duka langu likipigwa kufuli, niliona ng'ombe wangu wakitoka zizini mmoja mmoja, nikamwona Mama Robi akija gerezani na kikapu.

Mwalimu Kulwa akaichukua chaki mkononi mwangu. Hakuharakisha. Akauongezea mchoro wangu herufi: kwenye kizuizi cha mgambo akaandika a, kwenye migomba akaandika b, pembeni akaandika x, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Ndugu Afisa, karibu. Ndugu Magige ni mwanafunzi wangu. Tunaambiwa tufundishe kwa mifano ya mazingira yetu, na watu wazima nawahimiza walete mifano. Wake umekuwa na chumvi nyingi kidogo, lakini angalia: huyu anatoka kushoto, huyu anatoka kulia, wote wanaelekea nukta moja. Ndilo somo la leo."

"Mfano," Afisa akasema.

"Mfano, Ndugu Afisa."

"Na Alhamisi nayo ni mfano?"

"Hesabu lazima ziwe na siku," mwalimu akasema, na mpaka leo sijui maana yake.

Afisa aliutazama ubao, akanitazama mimi, akalitazama shati langu, akaona lilivyo jeupe. Akafunga kalamu yake. "Vizuri. Basi kama ni mwanafunzi wako, nitarudi siku ya mtihani, animalizie mfano wake mwenyewe, wewe ukiwa umenyamaza. Asipokuwepo siku hiyo, mwalimu, tutazungumza mimi na wewe."

Akaondoka. Baada ya kipindi nilimshika mwalimu mikono miwili, nikamwambia nitamletea mbuzi, nitamletea beberu, achague. Akatikisa kichwa. "Usiniletee kitu chochote, Ndugu Magige. Njoo Jumamosi. Ukikosa kuja, mimi ndiye niliyedanganya, na kazi yangu imekwenda."

Yule mtu hakunijua. Hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Alinitazama pale ubaoni nikijinyonga kwa chaki yake mwenyewe, akaingiza shingo yake kwenye kitanzi pamoja na mimi.

Nyumbani nilimweleza Mama Robi, nikitegemea huruma.

"Umekwenda kutafuta umeneja, umerudi mwanafunzi," akasema. "Wangeufunga huo mdomo peke yake, wakakuacha wewe, ningewashukuru."

Basi nikasoma kalkulasi. Msicheke. Kila Ijumaa nilipanda baiskeli hadi mjini nikalala kwa binamu yangu, na kila Jumamosi nikaingia darasani, siku hizo nikikaa nyuma, karibu na mlango, ninapoona kila anayeingia. Jumamosi ya pili mwalimu alifuta neno mpaka. Akasema kuanzia leo tutasema kikomo. Vijana wote waligeuka wakaniangalia. Alhamisi sikwenda tena kokote, nikamtumia Gati salamu kwamba kaka yake yuko shuleni (akajibu kwamba huko kwao wamelia kwa kucheka), sabuni ya waridi ikaisha, na mimi nikarudi kwenye mpapai na wenzangu, shati likawa na rangi ya shati la kila mtu.

Kuelewa? Mengi yalinipita kama upepo. Aljebra nilikutana nayo kwa mara ya kwanza na hatukupatana. Lakini mwalimu alikuwa akibaki na mimi wenzangu wakienda kunywa chai, na siku moja, nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya kile kitobo nisichokielewa, akaniambia, "Muache x. Wewe unatoka huku, dada yako anatoka kule. Kila hatua mnakaribiana. Hata kama hilo jiwe limeng'olewa, hata kama pale pamekatazwa kukanyagwa, mimi nikikaa hapa nikaangalia nyayo zenu tu, siwezi kujua mlikuwa mnaelekea wapi?"

"Unajua," nikasema.

"Basi hicho ndicho kikomo. Si lazima mtu afike ili pajulikane."

Nilimfikiria Gati, mtoto wa mama yangu, na lile jiwe, na wanavyotuambia kwamba pale hakuna kitu cha kufuata ila ulanguzi.

Siku ya mtihani Afisa alikuja kweli. Alikaa mbele safari hii. Mwalimu akachora mkia wa ndama na kitobo chake, akaiweka chaki mezani, akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Niliona vidole vyake nyuma ya mgongo, vinashikana na kuachana.

"Ndugu Magige," Afisa akasema, "unaufikiaje mpaka?"

Nikasimama. Nikachukua chaki, na mara hii nilisema kidogo kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Ndugu Afisa, kutoka kushoto naukaribia. Kutoka kulia unakaribiwa. Pande zote mbili zinaelekea nukta hii hapa, kwa hiyo kikomo kipo. Lakini penyewe pana tundu, na hapo mimi sikanyagi."

"Hukanyagi?"

"Sikanyagi."

"Na huyo wa kulia, bado anakuja?"

"Ni dada yangu, Ndugu Afisa. Kukaribia anakaribia."

Afisa akaliangalia lile tundu. Halafu akanusa hewa, akakuta harufu ya mpapai kama ya kwake mwenyewe, akacheka kidogo kwa pua, akamwambia mwalimu, "Huyu amesoma," akachukua kofia yake akaenda. Mwalimu Kulwa alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akafuta uso kwa kitambaa chenye chaki, akawa mweupe kama mzimu.

Katika mtihani mzima nilipata kumi na tisa kwa mia, na zote ni za lile swali. Umeneja alipewa mtu mwingine aliyesoma hesabu za chini. Lakini duka langu halikupigwa kufuli, ng'ombe wangu hawakutoka zizini, na mtu aliyenibeba hakuanguka na mimi. Nimeapa sitafungua mdomo mahali popote kabla sijageuka kuangalia dawati la nyuma, na mpaka leo hata kanisani naketi karibu na mlango.

Mpaka ulipofunguliwa, nilivuka kwa barabara, mchana, na risiti, nikamletea mwalimu Kulwa mche mmoja wa sabuni ya waridi. Alikataa kuupokea bure, akanihesabia shilingi nne mkononi, huku akicheka. Jioni nikamwomba Mama Robi anipigie jumla ya gharama zote za elimu yangu (mimi nilishavuka hesabu za kujumlisha): ada shilingi sitini, madaftari na kalamu kumi na nane na senti hamsini, tairi na tyubu sabini na nne, chai na maandazi ya Jumamosi zote thelathini na tatu. Akajumlisha, akatoa zile nne za sabuni, akanisomea bila kuinua macho: shilingi mia moja themanini na moja na senti hamsini.